Mbegu za Nyuma ya Bweni

Nilisikia mapanga kabla sijaona mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukaifunika migomba yote, na nyuma ya ukungu, chini kuelekea mfereji, vyuma vilikuwa vinapiga majani mabichi: chwa, chwa, kisha jembe likagonga jiwe, kisha kicheko cha mwanamke, kisha chwa tena. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko la bibi, mama yake baba, na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo, siku ambayo kila nyumba inayotumia maji ya mfereji hutoa mtu wa kwenda kuusafisha. Walikuwa wanakata mmea nilioupanda mimi. Na katika mteremko ule mzima wa Meru, mimi peke yangu nilijua kwamba mmea ule haukatwi. Ukiukata, unaupanda upya.

Ningeweza kupiga kelele. Sauti ingefika, maana asubuhi kama ile sauti husafiri mbali kuliko macho. Nilikunywa chai.

Mbegu zilikuwa za baba yangu. Alisomea ufundi wa mitambo katika nchi moja ya baridi huko Ulaya ya Mashariki, enzi zile vijana wetu walipokuwa wanapelekwa huko kwa makundi. Akarudi, akafanya kazi kiwandani mjini Arusha mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akawa anatengeneza mashine za kusaga nafaka hadi alipofariki. Hakuwa mtu wa maua. Sijawahi kumwona akinusa chochote isipokuwa oili, ili ajue kama imeungua. Alipokufa, mimi niliachiwa sanduku lake la vifaa vya kuchorea: rula, bikari, penseli zilizochongwa kwa kisu. Chini kabisa, katikati ya karatasi za michoro, palikuwa na bahasha ya kaki. Juu yake aliandika kwa mwandiko wake uliosimama wima kama nguzo: *Ukutani, nyuma ya bweni.* Ndani zilikuwemo mbegu kumi na tisa, nyeusi, ngumu kama changarawe.

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba Daraja Mbili, na kila Jumamosi jioni tulikutana waandishi vijana kama saba hivi kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja mjini, tukisomeana kazi zetu na kuchambuana bila huruma. Riwaya yangu ilimhusu kijana aliyetoka mlimani akaenda kusoma kwenye nchi ya theluji. Ilikuwa imekwama kwenye sura ya sita, kijana akiwa amesimama nyuma ya bweni lake siku ya kwanza ya joto, anatazama ua. Ua gani? Sikujua. Ningeweza kulibuni, kubuni ndiyo kazi. Lakini nilikuwa na kiburi kile cha vijana, kwamba nisipoligusa jambo kwa mkono siwezi kuliandika, na sasa mkononi mwangu zilikuwepo mbegu kumi na tisa kutoka ukuta wenyewe.

Sikujiuliza swali moja dogo. Baba alizibeba mbegu zile kutoka mbali kiasi kile, akarudi kwenye nyumba yenye shamba lenye rutuba, akaishi miaka yote ile bila kuipanda hata moja. Kwa nini? Kwa kweli nilijiuliza, ila nilijijibu haraka mno. Niliamua ni huzuni. Mwandishi kijana akikosa jibu, huweka huzuni.

Nilizipeleka kwa bibi mwanzoni mwa masika. Nilikuwa nimesoma kwamba mbegu kuukuu zenye ganda gumu hukwaruzwa kwanza ili maji yaingie, basi nilikaa kwenye ngazi ya saruji nikazisugua moja moja. Bibi alikuwa anachambua mboga pembeni yangu.

"Mbegu nazo siku hizi zinasuguliwa visigino?" akauliza.

"Ni za baba, bibi. Alizitoa Ulaya."

Akaacha mboga. Akanyoosha kiganja nikamwekea moja. Aliitazama muda mrefu, akaifunga ndani ya ngumi, akaifungua. "Hii ilikuwa mfukoni mwake," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Nikaziloweka kwenye maji ya moto, nikazipanda kando ya mfereji, pale unapopita ukingoni mwa kihamba cha bibi, shamba lake la nyumbani, mahali ambapo migomba inaishia na udongo haukauki hata kiangazi. Nilichagua pale kwa sababu ya maji. Mbegu kumi na sita zilioza. Tatu ziliota.

Mwaka wa kwanza mmea ulitambaa tu, majani yake yakiwa na umbo la mkuki, mwembamba, mpole, ukishika kila kilichokuwa karibu kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka wa pili ulipanda uzio wote wa kando ya mfereji ukachanua. Maua yake yalikuwa meupe, makubwa kama kikombe, mepesi kiasi kwamba mwanga wa asubuhi ulipita ndani yake. Niliyatazama nikalia, nakiri. Niliandika sura ya sita kwa siku mbili, kwenye kigoda, pembeni ya mfereji.

Bibi alifurahi kwa namna nyingine. Aliwaambia watu wote wa usharika wetu kwamba ua la mwanae limefufuka. Kila Jumamosi mchana alikata mashada, akayatia kwenye chupa, na Jumapili yakakaa mbele kanisani karibu na mishumaa. Jirani yetu wa chini akaja kuyatazama, akiwa na beseni lake kichwani.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe marehemu alikuwa na mpenzi huko baridini, akamwachia na maua."

"Nyamaza wewe," bibi akamjibu. "Mwanangu alikuwa mtu wa spana."

"Hao ndio wabaya. Kimya kimya, mchana spana, jioni maua."

Wakacheka mpaka beseni likatikisika. Bibi alimpenda mama yule kuliko dada zake wa damu. Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua kahawa na migomba yote ya juu, wakamwachia ukanda mwembamba unaofuata mfereji, upana wake hatua kumi tu, ambao wao waliuona ni kinamasi. Yeye aliugeuza bustani. Alipanda magimbi upande wa maji, mnafu katikati, maharage upande wa juu, na mara mbili kwa wiki alishuka sokoni Tengeru na mzigo kichwani. Binti yake alikuwa amepanga chumba kimoja Usa River, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua, na kila alipokuja alimwomba mama ahamie kwake. Mama alikuwa na jibu moja. "Nikija kwako nitakuwa mgeni wa mumeo. Hapa mimi ni mgeni wa nani?" Ukanda ule ndio uliokuwa unamjibia.

Kikundi chetu kiliipenda sura ya sita. Nilipomaliza kusoma palikuwa na ukimya, ule ukimya ambao mwandishi huuota, kisha mmoja wetu akapiga meza kwa kiganja. Nilirudi Daraja Mbili kwa miguu, nikiwa nimejaa kama mfereji wa masika. Jumatano iliyofuata nikaenda Elerai kwa mzee mmoja aliyesoma na baba kule ng'ambo, chumba kimoja, miaka minne. Nilitaka kumsomea. Nikabeba na ua moja kwenye chupa ya maji ili nimshangaze.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, karibu binti wa fundi. Umeniletea nini?"

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta.

"Hili? Umenibebea hili? Mama weee! Unajua sisi na hili tumepigana vita?"

Akaniambia. Nyuma ya bweni palikuwa na bustani ya shule, na kila Jumamosi wanafunzi walitumwa kung'oa mmea ule. Wenyeji waliulaani. Uliingia kwenye viazi, kwenye mizabibu, kwenye nyufa za kuta. Mzizi wake mweupe, akasema, kama tambi, unakatika ukiugusa, na kila kipande kinachobaki udongoni ni mmea mpya. Wao waliung'oa miaka minne na siku wanaondoka ulikuwa ukutani, umechanua.

"Sasa baba kwa nini alichukua mbegu?"

Aliacha kucheka, akafikiri. "Kule maua yote yalikuwa ya mtu," akasema. "Yalikuwa na uzio, na bibi kizee dirishani anayalinda. Ukichuma unafokewa, tena ukiwa mweusi ndiyo kabisa. Hili tu ndilo ulilichuma asikwambie mtu kitu. Baba yako alikuwa analivaa Jumapili, hapa, kwenye tundu la kifungo cha koti."

Nilitaka kuandika maneno yale papo hapo. Mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta kalamu kwenye mkoba aliponiuliza, "Umelipanda wapi?"

"Kwa bibi."

"Wapi kwa bibi?"

"Kando ya mfereji."

Uso wake ulibadilika. "Mwanangu. Baba yako hakuwa mjinga, alizifunga kwenye bahasha. Nenda leo. Usikate. Chimba, chekecha udongo kwa vidole, choma kila kitu. Na uwaambie watu wa mfereji, wote, kabla hawajautia jembe."

Nilifika kwa bibi Alhamisi. Nilishuka moja kwa moja hadi mfereji nikautazama mmea kwa macho mengine, kama mtu aliyeambiwa tabia ya rafiki yake. Ulikuwa umevuka maji. Ulikuwa umefunga ukingo wa pili hatua arobaini kwenda chini, na maji yalikuwa yanapita kwa taabu chini ya majani. Mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji, alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba kutangaza msaragambo wa Jumamosi. Bibi aliniambia kwa fahari: ua la mwanae limestawi hadi limeitisha kikao.

Nilikuwa na siku mbili. Siku ya kwanza nilikusudia kumwambia bibi jioni, lakini nilimkuta anaosha chupa za kanisani. Alikuwa anaimba wimbo ambao hakuuimba tangu msiba. Nikasema kesho. Kesho yake nilichukua jembe nikachimba peke yangu tangu asubuhi. Mizizi ilikuwa kama mzee alivyosema, myeupe, inakatika kabla sijaikamata, inaingia chini ya migomba na chini ya mawe ya mfereji. Nilijaza ndoo mbili. Nilipotazama nyuma sikuona nilipochimba. Alasiri nikaenda hadi kwa mzee wa mfereji, nikamkuta anakunywa uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu. Vipi, kesho utashika panga au utatuandika tukishika?"

"Nitashika."

"Haya. Basi mvua itanyesha."

Wote pale uani wakacheka, nami nikacheka. Niliaga nikaondoka. Ningemwambia nini? Kwamba ua lililo kanisani ni gugu? Kwamba mwana wa bibi yangu alileta laana kwenye bahasha, na mimi, msomi wa familia, nikaisugua kwenye saruji ili iote vizuri? Nilijiambia ninamlinda bibi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli kubwa. Ukweli mkubwa ulikuwa sura ya sita. Niliona kwamba nikisema mmea ule ni nini, sura itakufa. Itakuwa sura kuhusu mtu mwingine, mcheshi na mpweke, ambaye sikumjua.

Kwa hiyo Jumamosi nilisikia mapanga nikamaliza chai yangu.

Niliposhuka ukungu ulikuwa unaanza kuinuka. Watu kama thelathini walikuwa ndani ya mfereji, suruali na kanga zimekunjwa magotini. Waliukata mmea kwa mapanga, wakaichimbua mizizi kwa majembe, wakaikatakata kwa bidii, kwa sababu sisi tunaamini kwamba adui aliyekatwa vipande vidogo amekufa zaidi. Nikapewa panga. Nikakata. Jirani yetu wa chini alikuwa mbele yangu.

"Shika panga kama panga, mwandishi! Hiyo si kalamu."

"Ninashika, mama."

"Unalibembeleza. Lipige! Hilo halikukuzaa."

Kazi ya msaragambo ina desturi yake. Tope linalotolewa mferejini halitupwi. Ni mbolea bora kuliko samadi, limekusanya majani ya msitu na majivu ya mlima, na kwetu ni haki ya mwenye shamba la chini kabisa, kwa sababu yeye ndiye anayepata maji ya mwisho. Wa juu wanapata maji, wa chini anapata tope. Ndivyo wazee walivyosawazisha. Mwaka ule tope lilikuwa jingi kuliko kawaida. Lilikuwa jeusi, linanukia vizuri, na ndani yake mizizi ile iliyokatwakatwa iling'aa kama mchele uliomwagika.

"La kwangu hilo!" jirani akasema, akainua mikono kama mtu aliyefunga goli. "Mtaniona masika hii. Magimbi yangu yatakuwa na vitambi."

Akaanza kubeba. Hakuna aliyemsaidia, maana watu walikuwa wamechoka na wanatafuta chai. Nikamwona anapanda ukingo, shingo imekaza chini ya beseni, maji ya tope yanamshuka kifuani. Hapo ndipo ningesema. Pale, wakati beseni la kwanza lilikuwa bado halijamwagwa, neno moja lingetosha. Badala yake nilifanya wema. Nilichukua beseni la bibi, nikalijaza, nikajitwika, nikamfuata.

Tulibeba hadi adhuhuri. Alilitandaza tope kwa mikono, akaliweka karibu na kila shina la magimbi, akalipapasa kama mtu anayemfunika mtoto. Mara kwa mara alinitazama akatikisa kichwa.

"Bibi yako kakulea," alisema. "Wenzako wa mjini wanaogopa tope."

Wiki tano baadaye nilirudi mlimani. Mkuki wa kwanza ulikuwa umetokeza kwenye mnafu. Hapana, si wa kwanza. Nilipoinama niliona ukanda mzima una alama za kijani, safi, kwa mistari, mahali hasa ambapo mabeseni yalimwagwa. Jirani alikuwa tayari ameupiga jembe mara moja. Alinieleza akiwa ameshika kiuno: "Nililima Jumatatu, Alhamisi yameota mara mbili. Haya majani yana ubishi." Bado alikuwa anacheka. Akalima tena. Mvua ya pili ilipokuja maharage yalikuwa yamefungwa pamoja kama wafungwa, na majani mapana ya magimbi yamevutwa chini hadi kwenye maji. Mara ya tatu nilipokuja hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo na jembe magotini, anatazama. Maua meupe yalikuwa yamechanua kila mahali. Yalikuwa mazuri sana. Hilo ndilo jambo ambalo siwezi kulisamehe katika maua.

Juu, kwenye vihamba vingine, mmea ulikuwa umeanza kuonekana pia, lakini kule watu wana migomba mikubwa na kahawa ya zamani na mikono mingi. Wataishi nao kwa kulalamika. Yeye alikuwa na hatua kumi.

Nilimwambia bibi siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote: mzee wa Elerai, bustani ya bweni, mizizi, siku zangu mbili, uji wa mzee wa mfereji, beseni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa analivaa?"

"Jumapili. Kwenye koti."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akainuka, akazichukua chupa za kanisani dirishani, akamwaga maji, akazipanga kabatini zikiwa zimeinamishwa midomo. "Mwanangu alizifunga kwenye bahasha," akasema, akiwa amenipa mgongo. "Wewe ndiye uliyefungua." Halafu akaongeza: "Utampelekea sale. Na utalikata mwenyewe. Sale hukatwa na aliyekosa."

Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, shamba la huyu na shamba la yule. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na aliyepelekewa hawezi kulikataa, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani. Nilikuwa naipenda desturi ile tangu utoto. Nilishaisimulia mjini kwenye kikundi, mbele ya vikombe vya kahawa, kama ushahidi wa uungwana wetu. Sikuwahi hata mara moja kuifikiria kutoka upande wa anayepokea.

Nilimkuta jirani ndani, mlango ukiwa wazi, anapukuchua maharage machache aliyookoa.

"Hodi."

"Karibu! Mwandishi! Pita, mbona unabisha kama watu wa sensa?" Kisha akaliona jani mkononi mwangu. Vidole vyake vikasimama. "Nani amekosana?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na wewe, mama."

"Mimi? Lini? Mbona mwenyewe sijasikia?" Akacheka, akanivutia kigoda kwa mguu. "Kaa, kaa. Umenila nini, kuku?"

Nikakaa. Nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na kila neno lililopangwa vizuri niliona aibu kulitamka, kwa hiyo niliyasema yale mabaya, mafupi. Aliendelea kupukuchua kwa muda, kisha akaacha, akaweka ungo chini.

"Siku ya tope," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua tangu Jumatano ya wiki ile."

"Wakati unajitwika?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua ulibeba mabeseni mangapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Kumi na moja." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nahesabu ili nikuombee. Jioni ile nilimwambia Mungu, huyu binti wa mjini amenibebea kumi na moja, naye mkumbuke."

Nje kuku walikuwa wanachakura. Niliona sasa kitu ambacho sikukiona nilipoingia: kwenye kona palikuwa na viroba viwili vimefungwa kwa kamba, na jembe lake limeoshwa, limelazwa juu yake.

"Nitakuja kila Jumamosi," nikasema. "Nitachimba, nitachekecha udongo kwa vidole. Mzee amesema inawezekana, mtu akiwa na subira."

"Njoo uchimbe," akasema. "Mimi sitakuwepo. Binti yangu anakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Mumewe amesema kuna nafasi ya kitanda karibu na jiko."

"Mama..."

"Lete hilo jani."

Nikampa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Alilipokea kwa mmoja. Alilitazama, akalipitisha kidole katikati, kutoka shina hadi ncha.

"Sale haikataliwi," akasema. "Nimepokea. Nimekusamehe." Aliyasema kama mtu anayesaini mzigo wa mwingine. Akaliweka juu ya dirisha, akauchukua ungo wake, akaurudisha magotini. "Haya. Msalimie bibi yako."

Nikaaga. Alijibu kwaheri bila kuinua uso, kisha nikamsikia akiweka ungo chini na kuja nyuma yangu, na moyo wangu ukapata nafuu ya kipumbavu. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Mwenyeji humsindikiza, angalau hadi nje ya ua, na maneno matamu kabisa ya ziara husemwa pale, mmesimama, kila mmoja akiwa ameshaaga. Nilivuka kizingiti. Nikapiga hatua mbili uani, nikasimama kumngoja anifikie, kwa mazoea.

Nyuma yangu mlango ulifungwa, polepole, bila hasira, na komeo likaingia mahali pake.